Asiye na Mji

Tulimwita Mtegaji. Jina alilopewa na wazazi wake ninalo, ila silitoi. Wenzake nitawataja, yeye namwachia hilo la kazi, kwa sababu lilimtosha ujanani na uzeeni. Alipokuwa na nguvu alitega wanyama. Alipozeeka akawategea watu wenye simu. Hapo katikati alitutega sisi.

Ukifika leo kwenye lango la msitu ule uliopandwa upya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Tingi, utasikia anavyosifiwa. Wageni wanakuja kutoka Dar na nchi za nje kwa mchezo wake. Wanapewa namba za setilaiti, wanaziingiza kwenye simu, mshale unawaonyesha upande, wanaingia porini kutafuta kopo la plastiki lililofichwa kwenye tundu la mti au chini ya jiwe. Ndani ya kopo kuna kitendawili cha mti, au mdudu, au ndege. Ukikitegua, jibu linakupa namba za kopo linalofuata, na anayeyamaliza yote anapigwa picha. Vitendawili vyote ni vya Mtegaji. Makopo yote aliyaficha yeye. Na kopo moja katika hayo alilificha alipolala mwanangu.

Mwanangu aliitwa Somoe. Miaka yote hii nimetafuta kitu kimoja tu duniani, nionyeshwe alipozikwa, na anayejua alikuwa mtu mmoja. Ndiyo maana namjua vizuri. Mtu ukimdai neno kwa muda mrefu unamsoma mpaka kucha.

Nianze na buti. Mradi uliopanda miti ulimpa buti za ngozi, nzuri, za kufunga kamba hadi juu ya kifundo. Hakuzivaa. Alizifunga kamba kwa kamba akazining'iniza shingoni, akatembea pekupeku juu ya miiba, wageni wako nyuma yake.

"Babu, mbona huvai?"

"Nikizichakaza hizi nitavaa nini?"

Wakacheka. Sisi tuliokaa naye tulijua kwamba mwenye buti anasikika, na yeye hakupenda kusikika anapokuja. Ungekuwa uani unapepeta, ukageuka, ukamkuta kasimama anakutazama, hujui kasimama tangu lini. Ukishtuka anafurahi. "Ungekuwa paa," anakwambia, "sasa hivi ungekuwa mchuzi."

Kidole chake cha shahada hakikuwepo. Waya wake mwenyewe ulikikata. Akikaa kwenye atahiyatu, wenzake msikitini wakinyanyua kidole, yeye alinyanyua kigutu. Na alikuwa mtu wa sala, usidhani. Kuna mwaka wa njaa kali alikuta pongo dume kwenye mtego wake, mnene, amekwisha kufa, bado wa moto. Mkewe, marehemu sasa, alimsihi. "Mpitishie kisu tu, nani ataona?" Mtegaji akamkokota yule pongo mpaka bondeni akawaachia fisi. Nyamafu hali, hata watoto walale na njaa. Kwa Mungu alikuwa mwaminifu sana. Shida yake ilikuwa kwa watu.

Alikuwa na usemi wake: "Mnyama hauawi na kamba, anauawa na mazoea." Maana yake, paa akishapita njia moja mara mbili, mara ya tatu anapita bila kutazama. Alisema hivyo huku anacheka, akisuka waya, na watoto wamemzunguka. Somoe alikuwa hatoki pale. Alikuwa anapenda kucheka, na Mtegaji alikuwa anajua kuchekesha.

Sasa hivyo vitendawili. Watu wengine hutega baada ya kula, watoto wakishakaa mkekani. Yeye alitega saa yoyote, mahali popote, kwa mtu yeyote. Unamwomba jembe, "Kitendawili." Unamwuliza mkewe anaendeleaje, "Kitendawili." Utafanyaje? Unaitikia, "Tega." Na vyake havikuwa vile tulivyozaliwa tukavikuta, alivitunga mwenyewe.

"Nimemkata hakulia, kanga yangu imelowa damu." Huo ni mninga, ambao ukiupiga shoka unatoa maji mekundu.

"Fundi hana mwiko, ghorofa limesimama." Hao ni mchwa.

Ukishindwa anakudai mji, kama desturi ilivyo. "Nipe mji!" Watoto walimpa miji mikubwa waliyoisikia redioni. Yeye anapokea, anakwenda huko kwa maneno, anakula, ananywa, na katikati anakutukana. "Nilikwenda Lindi, nikala wali wa nazi kwa samaki wa Sudi, nikamkuta baba yako sokoni anapimwa kwa kilo na muhogo, muhogo ukamzidi." Kitongoji kizima kinacheka, na wewe unacheka, halafu ndiyo anatoa jibu. Lakini nilimwona pia akimfanyia hivyo mjane aliyekuja kuomba chumvi. Alimdai mji mpaka yule mama akaondoka analia, bila chumvi. Kisha jioni akamtuma mkewe apeleke chumvi na nusu ya kanga aliyemnasa. Ndivyo alivyokuwa. Mkono ulitoa, mdomo ulikwishang'ata.

Kitongoji chetu kiliitwa Mitondoo. Tulilima ufuta na muhogo, tulikuwa na kisima na msikiti wa udongo. Msitu ulikuwa unakatwa, ni kweli. Mkaa ulikuwa unachomwa, ni kweli. Ila matanuru hayakuwa yetu. Yalikuwa ya Shaibu, mwenyekiti wa kijiji wakati huo, na magari yaliyobeba mkaa usiku na mchana yalikuwa ya Shaibu. Namtaja kwa jina lake, Shaibu, na akitaka kukanusha aje, mimi napatikana hapa hapa Tingi, napika chakula njiani. Miti ilipokwisha na mradi ukaja na habari ya kurudisha msitu, Shaibu huyo huyo akawa mwenyekiti wa kurudisha msitu. Akasema walioumaliza ni watu wa Mitondoo, na sharti wahame.

Mtegaji aliipenda ile miti, sitamnyima hilo. Siku watu wa Shaibu walipouangusha mninga mkubwa wa kisimani alikaa chini kwenye ule wekundu akalia kwa sauti, kama mwanamke aliyefiwa. Ijumaa yake nikamwona nyumbani kwa Shaibu anakula wali. Nikamwuliza, "Umekula vizuri?" Akaniambia, "Nyama ilikuwa ngumu." Basi.

Mitondoo ilikuwa na njia kuu moja, na kandokando yake ilijaa waya za Mtegaji. Sisi tulijua pa kukanyaga. Mgeni hafiki bila kunaswa na kupiga kelele, kwa hiyo hata walipotutisha kwamba watakuja kututoa, tulilala. Sasa, siku moja kabla, nilimkuta njiani amechuchumaa, anafungua waya zake.

"Mtegaji, mbona unategua? Msimu bado."

"Wanyama wamehama, Mama Somoe."

"Wamehamia wapi?"

"Wanajua wenyewe. Na nyie mngekuwa wanyama, mngejua."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno yake yale yale. Leo sijui kama alikuwa ananionya au alikuwa anajifurahisha. Mtu wa namna ile anakuonya kwa namna ambayo usipookoka atasema alikwambia.

Kesho yake mchana walikuja kwa njia ile ile, na haukunaswa hata mguu mmoja. Shaibu alikuwa mbele na filimbi. Mohamedi Nguzo, mgambo, alikuwa na kuti linalowaka. Hao ndio wawili, andika majina yao kichwani. Mtegaji alitembea kati yao, pekupeku, hatazami nyumba ya mtu. Mimi nilikuwa mtoni nimeloweka muhogo. Niliona moshi nikakimbia. Somoe alikuwa na homa, nilimwacha amelala ndani, amejifunika shuka mpaka kichwani. Nilimfikia Mohamedi kabla hajaifikia nyumba yangu, nikamshika mkono, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Ndani kuna mtoto." Akasema, "Wote mnasema hivyo." Akalitupa lile kuti juu ya paa.

Niliingia. Paa likashuka. Sijui nani alinivuta. Nilizinduka hospitalini, ngozi ya shingo imeshikana na bega, na mpaka leo nikitaka kutazama kushoto nageuka mwili mzima kama fisi. Wakati nimelala kule, Shaibu aliitisha mkutano akawaambia watu kazi imekwenda vizuri, hakufa mtu, ila kuna mama mmoja aliungua kwa ubishi, alikuwa anafuata sufuria zake. Hivyo ndivyo ilivyopokewa, na hivyo ndivyo inavyosemwa. Somoe wangu akawa sufuria.

Nilipoweza kutembea nilimtafuta Mtegaji. Watu wote wa Mitondoo walikuwa wametawanyika, wengine Kilwa, wengine kwa ndugu zao Mtama. Aliyebaki kule siku ile na kina Shaibu, mpaka majivu yakapoa, alikuwa yeye peke yake. Nilimkuta pembeni mwa msitu anachimba mashimo ya miche ya mradi. Tayari ana buti shingoni.

"Mtegaji, mwanangu umemlaza wapi?"

Hakuacha kuchimba. "Kitendawili."

Nilidhani sikusikia. Nikarudia swali.

"Kitendawili, Mama Somoe."

Nilikuwa na bandeji mpaka kidevuni. Nikasema, "Tega."

"Nimemlaza uchi, ataamka amevaa kijani."

Nilikaa chini. Neno lililonipiga ni uchi. Mtoto wa Kiislamu, hana sanda. Nikamwambia, "Sijui. Sijui, baba. Niambie."

"Nipe mji."

"Chukua Lindi."

"Lindi ina wenyewe."

"Chukua Kilwa yote, na kisiwani."

"Hiyo ilikwisha kuchukuliwa na wengi. Nipe mji wako."

"Mitondoo."

Ndipo aliponitazama. "Mitondoo ipo wapi? Onyesha kwa kidole." Nilitazama. Palikuwa na majivu na miche. "Basi huna mji," akasema. "Asiye na mji hapewi jibu." Akafukia mche, akaukanyagia udongo kwa unyayo, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Nilirudi kwake sijui mara ngapi. Nilikwenda na mashehe, nilikwenda na matusi, mara moja nilikwenda na panga na nikalirudisha nyumbani bila kulitoa kwenye kanga. Jibu lake lilikuwa hilo hilo, au lilikuwa kucheka. Halafu angalia. Hapa Tingi nilipohamia hakuna aliyenijua, waliniita Bi Kovu, na walioendelea kunijua walikwepa kutamka jina la mtoto. Ni yeye tu aliyeniita Mama Somoe. Kila tulipokutana, sokoni, njiani, msibani, kwa sauti kubwa: "Mama Somoe! Hujambo?" Nilimchukia kwa hilo. Na zikipita wiki mbili bila yeye kupita njia yangu, masikio yalikuwa yananiwasha.

Miti ikaota. Hilo nalo ni lake. Kiangazi alichota maji mtoni kwa mzega begani, anashuka na kupanda, anamwagilia mche mmoja mmoja, kucha za miguu zikamtoka. Mbwa mmoja wa Mitondoo aliyeungua mgongo alimfuata kila mahali, na Mtegaji alikuwa anatafuna muhogo anamtemea, maana yule mbwa hakuwa na meno. Kwa mbwa alikuwa na huruma. Ndege wakarudi, nyani wakarudi, na watu wa mradi wakasema sasa walete wageni. Mtegaji akaulizwa ana wazo gani. Wazo analo siku zote, ni lile moja.

Huku kwetu walipolisikia hilo neno kopo walicheka mpaka wakashika mbavu. Maana huku ukimwona mtu anaingia porini na kopo hufuati, unajua anakokwenda, unageuza uso. Sasa wazungu wazima na wanachuo wanaingia kwa makundi, wanatoka wanapiga makofi, "Tumelipata kopo!" Vijana wa Tingi wakawa wanawajibu, "Hongereni, na maji yalitosha?"

Na Bi Zaina, jirani yangu, mama mtu mzima, aliingia kuokota uyoga kabla walinzi hawajawa wakali, akaona kopo zuri lenye mfuniko kwenye tundu la mkongo. Akamwaga makaratasi, akaenda kutilia chumvi. Wageni wakazunguka ule mkongo mpaka jua likaanza kushuka. Mtegaji akapita nyumba kwa nyumba, ananusa tu, hasemi. Alipolikuta alimchukua Bi Zaina mbele ya wageni na mbele yetu, akamsimamisha kwenye ule mti, akamwambia auombe radhi.

"Mwambie: bwana mkongo, nimekuibia."

"Mtegaji, mimi ni mkubwa wako."

"Kwangu mkubwa, kwa mkongo ni mtoto. Sema."

Akasema. Mama wa watu mwenye wajukuu, anauomba radhi mti, na wageni wanapiga picha kwa kufurahi, wanadhani ni mila yetu. Tulicheka na sisi. Mimi nilicheka. Bi Zaina hakuingia tena njia ile, na chumvi yake akawa anaiweka kwenye karatasi.

Mimi napika karibu na lango, nje ya uzio. Wali, maharage, samaki. Siku moja wakaja wanachuo wanne, wamechoka, wameshindwa kopo moja. Binti mmoja mwenye miwani akawa anasoma kwenye simu yake, anawasomea wenzake huku anakula.

"'Nimemlaza uchi, ataamka amevaa kijani.' Jamani, hii nini?"

Mvulana mmoja akasema, "Huyo ni mkeo siku ya Idi," wakacheka wote.

Binti akanigeukia. "Mama samahani, wewe mwenyeji. Tusaidie basi."

Upawa ulikuwa mkononi mwangu. Niliuweka chini taratibu ili usilie. Nikamwuliza kopo lenyewe lilikuwa wapi.

"Lipo kwenye kichuguu kikubwa, kuna miti miwili imepandwa imeangaliana. Kopo tumeliona, jibu ndiyo hatuna."

"Jibu ni mbegu," mwenzake akapiga kelele, "mbegu! Haina nguo, ikiota ina majani!" Wakahesabu herufi, wakapata namba zao, wakashangilia. Nikawaambia nipelekeni pale. Binti akasema twende mama, kuna ubaya gani, akanishika mkono kabisa.

Langoni alikuwa Mohamedi Nguzo. Ndiye mlinzi. Ana sare, ana kiti, ana kivuli. Akawaambia wale watoto wapite, mimi akanizuia kwa fimbo.

"Watu wa Mitondoo hawaingii. Mkiingia mtaanza kudai."

"Nadai nini, Mohamedi? Nataka kutazama kichuguu."

"Tazama kwenye simu yao."

Na wale watoto wakasema labda ndiyo utaratibu, wakanipa pole, wakaenda. Mpaka leo ninapoandika haya Mohamedi bado yuko pale, na mimi bado sijaingia.

Lakini miti miwili imepandwa imeangaliana, hilo si la bahati. Nilitaka nilisikie kwa mdomo wake. Mtegaji wakati huo hakuwepo tena, alikuwa ameugua, binti yake amemhamishia kwake Mtama. Nikafunga jiko, nikapanda basi.

Nilimkuta barazani kwenye kitanda cha kamba. Tumbo limejaa, miguu imekauka kama vijiti, kila akivuta pumzi anasaga meno. Binti yake alinipokea vizuri, akidhani ni jirani wa zamani nimekuja kumjulia hali. Akaninong'oneza, "Mama, anateseka. Roho inagoma. Shehe anasema labda kuna haki ya mtu anayo, lakini mwenyewe hasemi."

"Shikamoo," nikamwambia mgonjwa.

"Marahaba, Mama Somoe. Nimekusikia tangu kwenye kona. Mwenye kandambili hawezi kuwinda."

"Sikuja kuwinda. Na usinitegee leo. Niambie kwa maneno ya watu."

Alimngoja binti yake aingie ndani. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, sauti ya kawaida.

"Kichuguu kikubwa, upande linapozama jua. Mti mmoja wa mkuruti nimempandia kichwani, mwingine miguuni. Nimemwelekeza kibla."

"Uchi?"

"Nani kasema uchi?"

"Wewe. Kwenye kopo. Watoto wa watu wanakisoma huku wanakula."

"Ile ni mbegu. Mbegu ndiyo uchi, Mama Somoe. Mwanao nilimfunga kwenye kanzu yangu ya Idi. Nilimwosha kwa maji ya mtungi, nikamsalia peke yangu. Hakuwa mzito."

Nilishika mguu wa kitanda. "Mbona hukusema? Miaka yote hii, baba, mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Shaibu alisema hakufa mtu. Kaburi likionekana, amekufa mtu. Ungekwenda kulia pale, wangejua nani kachimba. Niliogopa tu."

Nilisubiri aongeze. Nilidhani mtu aliyenizungusha kiasi kile lazima awe na siri kubwa, yenye kina. Hakuwa na kitu kingine. Vile vitendawili vyote, ile miji yote aliyotudai, ndani yake alikuwa mzee mwoga anayemwogopa muuza mkaa.

"Kopo nililiweka makusudi," akasema. "Nilitaka asikae peke yake. Watoto wanapita, wanacheka pale. Alikuwa anapenda kucheka." Halafu akanishika pindo la kanga kwa kile kigutu na vidole vilivyobaki. "Nisamehe. Nipe radhi niende. Naumwa, Mama Somoe."

Nikamwambia nitampa. Wallahi nilisema kweli, nilikuwa tayari. Ila aseme mbele za watu kwamba Somoe alikufa, alikufa kwa moto, amezikwa pale, na aliyeuwasha ni Mohamedi na aliyeamuru ni Shaibu. Akasema, "Waite." Binti yake akamwita shehe wa msikiti wa jirani na wazee wawili wa mtaa. Baada ya alasiri wakakaa mkekani. Mimi nikakaa pembeni.

Kabla shehe hajafungua mdomo, hodi. Akaingia Shaibu.

Siku hizi Shaibu ananunua ufuta, na msimu ulikuwa umefunguka, kwa hiyo alikuwa Mtama. Alisikia mzee wake anaumwa, akaja kumwona, kama inavyompasa Mwislamu. Ana mfuko wa machungwa. Akakaa miguuni pa mgonjwa, akaanza kumsugua muundi kama mtoto wake wa kumzaa.

"Haya mzee," shehe akasema, "ulikuwa na neno. Sema, tunakusikia."

Mtegaji akamtazama Shaibu. Shaibu anamenya chungwa. "Sema tu, mzee wangu," akasema, "hapa hakuna mgeni."

Mtegaji akalamba midomo. "Huyu mama," akasema, "anauliza habari za mtoto wake. Mimi sizijui. Siku ile nilikuwa kwenye mitego."

Wazee wakanigeukia kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mwenda wazimu. Nilisema, "Ameniambia sasa hivi, hapa hapa, kanzu ya Idi," na nikajisikia mwenyewe ninavyosikika. Shaibu akatikisa kichwa. "Pole, dada yangu. Ule moto wengine uliwachoma akili." Akanipa pande la chungwa. Nililipokea. Mkono ulinyooka wenyewe, kwa adabu niliyofundishwa na mama yangu, na nikalishika mpaka wote walipoaga, maji yake yananichuruzika kwenye kiwiko.

Walipokwisha kuondoka Mtegaji alinivuta tena kanga. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kamba za kitanda zimelowa.

"Lakini wewe nimekwambia. Wewe si unajua? Inatosha, wewe ukijua inatosha. Umenisamehe, au siyo? Sema umenisamehe."

Niliichomoa kanga yangu kwenye vidole vyake kimoja kimoja. Nikasimama, nikainyoosha sauti ili wenye nyumba wasikie ninavyoaga vizuri.

"Mungu akupe umri mrefu, mzee wangu."

Alielewa. Macho yalimtoka, akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana, akitaka kuniwahi kwa neno na pumzi haitoshi. Na binti yake, jikoni, aliyekuwa akimpikia uji, akaitikia kwa sauti ya shukrani:

"Amina, mama. Amina."